Kununua kamera ndogo ya mfukoni kwa fedha kidogo: tazameni lenzi na kihisi kabla ya megapikseli

Mwanzisha uzi (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali lile lile na watu watatu ambao wanatafuta kamera ndogo ya kidijitali ya kutia mfukoni au kwenye mkoba, na wote watatu walikuwa wameshaonyeshwa dukani kitu cha namna moja: kijikamera kipya, chepesi, ambacho boksi lake limeandikwa megapikseli 48 na zumu mara 16. Mimi nilinunua kijikamera cha aina hiyo miaka minne iliyopita kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na picha za usiku ule sitazipata tena maishani, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Nianze na sababu ya kutaka kamera ilhali kila mtu ana simu. Huku pwani, katika sherehe za wanawake kama usiku wa hina na siku ya kupamba, familia nyingi huzuia simu kuanzia mlangoni, kwa sababu wanawake huwa wamefunua nywele na wamevaa watakavyo, na hakuna anayetaka picha yake ianze kuzunguka mitandaoni kabla hajafika nyumbani. Anachaguliwa mwanamke mmoja anayeaminika, anapewa kamera isiyo na laini wala intaneti, na picha zote zinabaki kwenye memori kadi moja ambayo mwishoni anakabidhiwa mama wa bibi harusi. Mwanamke huyo kwetu ndimi, na kazi hiyo naipenda, kwa kuwa najua kwamba bibi yangu alikufa bila kuacha hata picha moja ya ujana wake.

Kile kijikamera nilikijaribu dukani mchana, mlangoni kwenye jua, na kioo chake kikaonyesha picha nzuri. Usiku ukumbini mambo yakageuka. Kilichoitwa flashi kilikuwa kitaa kidogo cha LED kama tochi ya simu, kisichofika hata meta moja na nusu; zumu haikuwa ya lenzi bali ilikata kipande cha katikati ya picha na kukikuza; na zile megapikseli 48 zilikuwa picha ndogo iliyotanuliwa kwa programu, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi ili utoshe wageni. Nyuso zilitoka kama zimepakwa uji. Mwenye duka alikataa kukirudisha, akidai kuwa kilifanya kazi mbele yangu, na kwa upande wa jua alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mwenye fedha kidogo anunue kamera halisi iliyokwishatumika, ya kampuni inayofahamika kwa kamera, hata kama ina miaka kumi na zaidi, na aachane na kijikamera kipya chenye namba kubwa kwenye boksi. Kamera halisi ina lenzi inayotoka nje na kurudi ndani inapovuta, ina flashi ya xenon inayomulika kwa nguvu kwa muda mfupi mno, na ina kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, kilichotengenezewa lenzi yake.

Kuhusu megapikseli, hesabu yake ni nyepesi na kila mtu anaweza kuifanya. Studio ikisafisha picha ya inchi 4 kwa 6 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli, yaani nukta za picha, 1200 kwa 1800, ambazo ni takriban milioni 2, yaani megapikseli 2 tu. Ukitaka picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 unahitaji takriban megapikseli 9. Kamera ya megapikseli 10 iliyotoka mwaka 2010 inatosha kabisa kwa picha utakayotundika ukutani sebuleni.

Kinachotofautisha picha nzuri na mbaya ni kiasi cha mwanga kinachoingia. Kamera ndogo nyingi za bei nafuu zina kihisi cha aina ya 1/2.3, ambacho upana wake ni kama milimita 6.2 na kimo 4.6. Zipo chache zenye kihisi cha 1/1.7, takriban milimita 7.6 kwa 5.7, na juu yake zipo zenye kihisi kinachoitwa cha inchi 1, ambacho kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8. Kisha tazameni namba ya f kwenye lenzi, mkikumbuka kwamba namba ikiwa ndogo tundu la lenzi ni kubwa. Canon IXUS 185 inaanzia f/3.2 na ina kihisi cha 1/2.3. Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010 inaanzia f/2.0, tundu linalopitisha mwanga zaidi ya mara mbili na nusu, na kihisi chake ni kile cha 1/1.7. Kamera hizo mbili ukizitazama mezani ni kama ndugu, lakini ukumbini usiku hazifanani hata kidogo. Ninayotumia sasa ni S95, nami nimeridhika nayo, ingawa ina kasoro moja ambayo sitaificha: ukishaanza kurekodi video lenzi haivuti tena mpaka usimamishe.

Mchangiaji (Morogoro)

Dada, nakushukuru kwa maelezo, lakini naona umeionea simu. Simu ya kati ya miaka hii inapiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha kuwa moja, na usiku inaweza kuishinda kamera ya mwaka 2010 yenye kihisi kidogo. Nina kamera ya mfukoni ya zumu mara 8 ambayo niliitumia kwenye mahafali ya mwanangu, na ukiacha picha za mbali jukwaani, zile za karibu zilikuwa bora kwenye simu ya mke wangu. Mtu asiye na tatizo la simu kukatazwa mlangoni kuna haja gani ya kutoa fedha?

Mwanzisha uzi

Kaka, unalosema ni kweli na nilipaswa kulisema mwenyewe. Kwa mandhari tulivu, kwa chakula mezani, kwa mtu aliyekaa bila kutikisika, simu nzuri itaishinda kamera ndogo ya bei nafuu, hasa kwenye mwanga hafifu. Mambo mawili yanabaki upande wa kamera. La kwanza ni hilo ulilolitaja, kuvuta kwa lenzi: mtoto wako akiwa jukwaani meta ishirini mbele, lenzi inayovuta mara 5 au 8 inakuletea uso wake kwa pikseli zote za kihisi, ilhali simu nyingi za kawaida hukata tu kipande na kukikuza. La pili ni flashi ya xenon. Mng'aro wake ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo mtu anayecheza ngoma au anayepiga makofi anaganda wazi, wakati simu inayounganisha picha kadhaa humtoa na mikono mitatu. Mtu asiyehitaji hayo mawili asinunue, na fedha yake aiweke kwenye simu bora.

Mchangiaji (Mombasa)

Dadangu wa Tanga, nami nakuuliza kuhusu hizi kamera za CCD. Binti zangu wawili wamenishika, hawataki nyingine ila ya zamani yenye CCD, wakisema rangi zake ni kama za filamu. Nimeona wauzaji wa mtandaoni wameshapandisha bei kwa neno hilo moja. Lina ukweli?

Mwanzisha uzi

Dadangu, ukweli upo kidogo, na uliobaki ni biashara. CCD na CMOS ni aina mbili za kihisi, na tofauti yake kubwa ni namna umeme wa kila pikseli unavyosomwa. Rangi zinategemea zaidi vichujio vya rangi vilivyo juu ya kihisi, na namna kampuni ilivyoipanga programu ya ndani ya kamera miaka ile. Binti zako wanachokipenda ni mchanganyiko wa vitu vingi: flashi inayomulika uso moja kwa moja, nyuma kukabaki giza, weupe unaoungua haraka, na rangi zilizokolezwa na kiwanda. Kamera ya CMOS ya mwaka 2012 ikipigwa kwa flashi ukumbini itawapa sehemu kubwa ya mwonekano huo huo, kwa hiyo usilipe nyongeza kwa ajili ya herufi tatu.

Tena kwetu sisi wa pwani kuna jambo zito zaidi kuhusu CCD. Mwezi Oktoba 2005 kampuni kadhaa, zikiwamo Sony, Canon, Nikon na Fujifilm, zilitangaza kwamba baadhi ya kamera zao za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa na vihisi vya CCD vyenye hitilafu, ambamo nyaya ndogo za ndani zilikuwa zikiachia, hasa mahali penye joto na unyevunyevu. Picha zilianza kutoka za zambarau, zenye mistari, au nyeusi kabisa. Joto na unyevunyevu ndiyo hali yetu ya kila siku, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Kamera za CCD zilizotoka kati ya 2002 na 2004 mimi sizigusi hata zikiuzwa kwa bei ya ndizi, na binti zako uwaelekeze kwenye zile za kuanzia mwaka 2008 hivi.

Kamera za zamani mno zina taabu nyingine ya memori. Zile zilizotengenezwa kwa kadi ya SD ya kwanza husoma hadi GB 2 tu. SDHC, iliyokuja mwaka 2006, inafika GB 32. Na SDXC ndiyo inayoendelea juu ya hapo. Ukiitia kadi ya GB 64 kwenye kamera ya mwaka 2005 itakataa, na muuzaji anaweza kukwambia kamera ni mbovu au, kinyume chake, kamera ikiwa mbovu kweli akakwambia tatizo ni kadi. Kamera za Olympus na Fujifilm za wakati ule zilitumia kadi ya xD, na Sony ilikuwa na Memory Stick yake. Kadi hizo siku hizi ni adimu, na ukizipata ni ghali kuliko inavyostahili.

Mchangiaji (Songea vijijini)

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu. Shuleni kwetu umeme wa jua ni wa kuchajia simu chache tu, na natafuta kamera ya kupigia picha za kumbukumbu za wanafunzi na shughuli za shule. Nimesikia kuna kamera zinazotumia betri za kawaida za dukani. Je, zinafaa?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mwalimu. Zinafaa, na kwa mazingira yako ningezitanguliza hata mbele ya ile S95 yangu. Canon PowerShot A480 na A495, pamoja na Nikon Coolpix nyingi za mfululizo wa L, hutumia betri mbili za AA. Ila zile betri za bei ya chini za redio zisikudanganye, kwani flashi inavuta umeme mwingi kwa ghafla na betri hizo huishiwa baada ya picha chache sana. Nunua betri nne za kuchajiwa za aina ya NiMH na chaja yake ndogo. Mbili zinakuwa ndani ya kamera na mbili zinachajiwa siku ya jua kali.

Kwa picha za wanafunzi, mwalimu, kuna jambo moja nakuomba ulizingatie, maana linaniuma kila nikiona picha za shule. Kamera hupima mwanga kwa wastani wa kila kinachoonekana. Ukiwapanga watoto wenye mashati meupe mbele ya ukuta mweupe, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso nyeusi zinapotea kabisa wakati mashati yamependeza. Tafuta kwenye menyu alama ya kuongeza na kutoa (+/−), iweke +0.7 au hata +1, na utazame kioo nyuso zikifunguka. Mchana wa jua la utosi, washa flashi kwa lazima hata kama kamera haiitaki, usimame kama meta mbili hivi; inajaza vivuli chini ya macho na chini ya kofia. Shati likiungua kidogo si neno, kwani mzazi anatafuta sura ya mwanawe.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu, Jumamosi ninakwenda Kariakoo, na kuna jamaa mmoja ananiuzia S95 aliyoletewa kutoka Japani. Nikifika niangalie nini? Sina ujuzi, na naogopa yasije yakanipata yaliyokupata wewe.

Mwanzisha uzi

Ndugu, nenda na vitu vitatu: memori kadi yako ya SDHC, simu yenye tochi, na kifaa cha kusomea kadi kwenye simu. Nenda mchana, na usimruhusu muuzaji akuharakishe.

Anza na lenzi. Iwashe na kuizima kamera mara kumi, na kila mara uivute hadi mwisho na kuirudisha, sikio likiwa karibu. Mlio uwe laini na wa namna moja. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, au lenzi ikakwama na ujumbe wa hitilafu ya lenzi ukatokea, rudisha kamera mezani na uage, kwa sababu kuitengeneza kunaweza kuzidi bei uliyonunulia. Kisha, ikiwa imewashwa, mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni na uchungulie ndani. Vumbi kidogo halina madhara makubwa, lakini ukiona utando kama wa buibui au matawi membamba meupe, huo ni ukungu, na kamera iliyokaa kabatini pwani hupata ukungu kwa urahisi.

Piga picha ya karatasi nyeupe, au ya anga, halafu uikuze kwenye simu yako. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni uchafu ulioingia hadi kwenye kihisi, na kamera hizi hazifunguki kirahisi kusafishwa. Nakusihi usiruhusu fundi wa kubahatisha aifungue mbele yako, maana kapasita ya flashi hukaa na umeme wa takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa, na imewahi kuwarusha watu. Funika lenzi kwa kiganja na upige picha ya giza, uone kama kuna nukta nyekundu au za buluu zilizotapakaa. Piga ukurasa wa kitabu kwa karibu, alama ya ua ikiwa imewashwa na lenzi ikiwa haijavutwa, kisha upige bango la ng'ambo ya barabara. Vyote viwili vitoke vikali. Washa flashi mara tano mfululizo ukihesabu sekunde inazongoja kati ya mmweko na mmweko, na ikiwa inachukua muda mrefu kupita kiasi shuku betri kwanza.

Betri yenyewe itoe uilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikizunguka kama pia imevimba, nayo haifai. S95 inatumia NB-6L, ambayo bado inatengenezwa na kampuni nyingine, kwa hiyo betri iliyochoka si sababu ya kuiacha kamera bali ni sababu ya kupunguziwa bei. Chaja ni jambo jingine: S95 haichajiwi kwa waya wa simu, inataka chaja yake ya pembeni, basi uliza iko wapi kabla hujataja bei. Za Japani huja na chaja ya plagi ya pini mbili bapa, na utahitaji kigeuzi. Kuhusu lugha, washa menyu kabla ya yote. Sony nyingi zilizotengenezewa soko la Japani hazina lugha nyingine isipokuwa Kijapani, na hilo watu wengi hulijua wakiwa wameshafika nyumbani.

Mchangiaji (Morogoro)

Na asiyetaka kabisa vitu vilivyotumika? Si kila mtu ana moyo wa kuchungulia ukungu kwa tochi.

Mwanzisha uzi

Kaka, nafasi yake ni nyembamba kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani, nyingi zikiwa hizi ndogo. Kufikia 2023 zilikuwa chini ya milioni 8 kwa jumla, na ndogo zilikuwa sehemu tu ya hizo. Zilizobaki mpya na halisi zinahesabika. Kodak PIXPRO FZ55 ina megapikseli 16, lenzi inayovuta mara 5 na flashi ya xenon, na kwa anayeanza naiona ni ya haki, ilimradi ajue kwamba jina la Kodak hapo limekodiwa na kampuni ya JK Imaging. Canon nayo mwaka 2025 iliirudisha sokoni IXUS yake ya mwaka 2016 ikiwa karibu vile vile, safari hii ikitumia microSD badala ya SD. Ni kamera nzuri, ila kwa bei yake mpya mimi ningetafuta Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, iliyotumika, kwa sababu kihisi chake ni kile cha inchi 1 na lenzi yake inaanzia f/1.8.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu, nimerudi. Ile S95 nimeikagua kwa saa nzima hadi jamaa akaniletea kiti. Lenzi ni laini, haina ukungu, flashi ni nzima, menyu ina Kiingereza. Betri imevimba na nimepunguziwa. Kuna doa moja dogo la kijivu kwenye kona ya juu nikipiga anga lenzi ikiwa imevutwa mwisho, lakini nikirudisha lenzi halionekani. Nimelipa nusu, nimebakiza nusu hadi kesho. Niichukue? Ni kwa ajili ya harusi ya dada yangu, mwezi ujao.

Mwanzisha uzi

Ichukue, ndugu. Doa linaloonekana tu lenzi ikiwa imevutwa ni vumbi dogo, na ukumbini hutaivuta lenzi hadi mwisho kwa sababu huko namba ya f inafika 4.9 na mwanga unapungua. Ibakize lenzi nyuma kabisa, usogee kwa miguu, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuuona mwanga) iwe 400, na usiwe mbali na mtu zaidi ya meta tatu ukitumia flashi. Betri nunua mbili, uzichaji siku moja kabla.

Na kama atakayeishika usiku wa wanawake ni shangazi au dada, mweleze jambo hili: picha iliyofutwa kwenye memori kadi haijaondoka, bado inaweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kawaida mpaka ifunikwe na picha nyingine. Kwa hiyo kadi ya usiku ule isitumike kwa kazi nyingine wala kuazimwa. Ikipelekwa studio, aliyeipeleka aingoje pale pale mpaka picha zisafishwe, kisha kadi ikabidhiwe mama mkononi.